Jerry Krause: Fundi Aliyechukiwa na Kikosi Chake

Watu wengi wanaovaa fulana nyekundu yenye kichwa cha fahali, hizi zinazotoka kwenye marobota ya mitumba, hawajawahi kulisikia jina la Jerry Krause. Wanamjua Michael Jordan, hilo halina mjadala. Wachache wanamjua Scottie Pippen, na Dennis Rodman wanamkumbuka kwa nywele zake za rangi rangi kuliko kwa mpira wenyewe. Lakini aliyewakusanya wengi wa watu wale, akawaokota mmoja mmoja kama mtu anayeokota mchele uliomwagika mchangani, alikuwa bwana mmoja mfupi, mnene, ambaye hakuwahi kucheza hata dakika moja kwenye ligi ile. Alikuwa meneja mkuu wa Chicago Bulls kuanzia mwaka 1985 mpaka 2003. Katika kipindi hicho timu ilitwaa ubingwa mara 6, na wachezaji wake wakubwa kuliko wote wakamchukia mpaka wakashindwa kuficha.

Tangu ilipotoka filamu ya The Last Dance mwaka 2020, vijana wa vijiweni wamekwishatoa hukumu: Krause ndiye mbaya, Krause ndiye aliyeivunja Bulls. Hukumu imetolewa mshtakiwa akiwa kaburini, maana mzee alifariki Machi 2017. Mimi hukumu ile siikubali hivi hivi. Wala msomaji usidhani nakuja kumsafisha. Ninachotaka kuonyesha ni kitu kimoja: mtu yule alikuwa na jicho la ajabu la kumwona mchezaji ambaye wenzake hawajamwona, na mchezaji huyo huyo akishaingia ndani ya nyumba, jicho lile likawa kama limefungwa kitambaa.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Sisi tumezoea kuona usajili ukifanywa na viongozi wa klabu, kocha naye akipiga kelele pembeni. Kwenye ligi ya NBA kuna mtu wa kazi hiyo, ndiye meneja mkuu. Hafundishi. Anaamua nani aingie, nani atoke, kwa pesa ngapi na kwa miaka mingapi, tena chini ya ukomo wa mishahara uliowekwa na ligi, kwa hiyo ukimwongeza huyu lazima ufikirie yule. Halafu kuna drafti. Si ile ya vizibo vya soda tunayocheza barazani. Ni tukio la mara moja kwa mwaka ambapo timu zinachagua chipukizi kwa zamu, na kwa kawaida dhaifu ndiyo zinazotangulia. Watanzania tunaikumbuka drafti ya mwaka 2009, Hasheem Thabeet wetu alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Wa tatu alikuwa James Harden, wa saba Stephen Curry. Mameneja watano walimwona Curry amesimama pale na wakampita! Ndivyo ilivyo kazi hiyo: unatazama mwili wa kijana wa miaka ishirini na kitu na unajaribu kuisoma miaka kumi ijayo.

Krause aliisomea kazi hiyo barabarani. Kabla ya Bulls alikuwa mpelelezi wa vipaji kwa miaka mingi, katika kikapu na katika besiboli, akizunguka na gari katika vyuo vidogo ambavyo magazeti hayaandiki habari zake. Alipokuwa na Baltimore Bullets alimpigania sana Earl Monroe, aliyetoka chuo kidogo cha watu weusi cha Winston-Salem, na timu ikamchagua mwaka 1967. Wakampa jina la utani, Mpelelezi, na yeye akalipenda. Alifurahia siri. Alifurahia kwenda mahali bila kuonekana na kurudi bila kusema alichokiona.

Sasa, jambo linalosahaulika. Jordan hakuletwa na Krause. Aliletwa na Rod Thorn mwaka 1984, akiwa chaguo la tatu nyuma ya Hakeem Olajuwon na Sam Bowie. Jerry Reinsdorf alipoinunua timu pamoja na wenzake mwaka 1985 akamwajiri Krause, na Krause akamkuta Jordan mezani kama chakula kilichopikwa na mwenzake. Nafikiri jambo hili lilimwasha moyoni mpaka siku ya mwisho. Hebu fikiri umejenga nyumba nzima, halafu kila mgeni anausifia ule mlango ulioukuta.

Na walianza vibaya. Oktoba 1985, katika mchezo wa tatu tu wa msimu, Jordan alivunjika mfupa wa mguu. Akakosa michezo 64. Alipojisikia amepona alitaka kurudi uwanjani, wakuu wakakataa. Walihofia mfupa usije ukavunjika moja kwa moja. Jordan akashuku sababu nyingine: timu ikifungwa zaidi itapata nafasi nzuri kwenye drafti. Mwishowe wakamruhusu kwa dakika za kupimwa, saba kila nusu, kama dawa. Aprili 20, 1986, dakika zikiwa zimeshafunguliwa, alifunga pointi 63 ndani ya uwanja wa Boston. Bulls walifungwa mchezo ule, lakini ugomvi na ofisi ulikuwa umeshaota mizizi. Meneja aliuona mguu kama mali ya timu inayohitaji kutunzwa. Mwenye mguu aliuona kama wake. Ukiniuliza nani alikuwa na haki nitakujibu kwamba wote wawili, na ndiyo sababu haukwisha.

Tuje kwenye ufundi wake. Mwaka 1985 alimleta Charles Oakley kutoka Virginia Union, chuo kingine kidogo. Lakini kazi kubwa ni ya mwaka 1987. Huko Arkansas palikuwa na kijana mmoja wa mji mdogo wa Hamburg, mtoto wa mwisho kati ya kumi na wawili, baba amepooza, kaka yuko katika kiti cha magurudumu. Aliingia chuo cha Central Arkansas bila sifa yoyote, akianza kama msaidizi wa kutunza vifaa vya timu. Halafu akarefuka. Krause alidokezwa habari zake, akaenda kumtazama katika mashindano ya Portsmouth, Virginia, na kitu cha kwanza kilichomshika ni mikono: mirefu, mirefu kupita kiasi. Bulls walikuwa na chaguo la nane, na Krause akahofia kwamba kufikia hapo kijana atakuwa ameondoka. Akapanga na Seattle: ninyi mchagueni kwa nafasi ya tano, sisi tuwachagulie Olden Polynice, tubadilishane, na juu yake tutaongeza chaguo jingine. Ndivyo Scottie Pippen alivyofika Chicago. Siku hiyo hiyo, kwa chaguo la kumi, akamchukua Horace Grant wa Clemson. Siku moja, watu wawili wa ubingwa. Mameneja wengine wanastaafu bila kupata siku kama ile.

Mwaka uliofuata akafanya jambo la roho ngumu. Alimtoa Oakley, rafiki wa Jordan na mlinzi wake uwanjani, akampeleka New York ili kumpata Bill Cartwright, senta mwenye miguu iliyokuwa imemsumbua kwa miaka. Jordan alikasirika vibaya. Lakini Krause alikuwa amepiga hesabu: nafasi ya Oakley imeshapata mtu, Grant, na timu haina mtu mrefu wa kusimama mbele ya akina Patrick Ewing. Cartwright akawa senta wa kuanza katika ubingwa wa 1991, 1992 na 1993.

Makocha je? Tex Winter, mzee wa mfumo wa pembetatu, aliletwa na Krause mwaka 1985. Phil Jackson alikuwa amezama kwenye ligi ya chini huko Albany na kwenye ligi ya Puerto Rico, NBA hakuna aliyemtaka. Krause akamfanya kocha msaidizi mwaka 1987, na mwaka 1989 akamfukuza Doug Collins, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameifikisha timu nusu fainali, akampa Jackson usukani. Watu waliguna. Miaka miwili baadaye wakashangilia.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwenye habari ya Pippen na mkataba wake.

Mwaka 1991 Pippen alisaini mkataba mpya wa kumfunga Bulls mpaka msimu wa 1997-98, wa dola milioni 18 hivi. Kwa mtoto wa Hamburg zilikuwa pesa za kufuru. Yeye mwenyewe ameeleza sababu: aliona nyumbani jinsi mwili wa mtu unavyoweza kuzimika kwa siku moja, akataka kitu cha uhakika. Reinsdorf alisema baadaye kwamba alimtahadharisha asijifunge miaka mingi hivyo, na kwamba akishasaini asije kuomba mabadiliko, maana yeye mikataba hairudii. Kisheria, basi, hakuna aliyeibiwa. Lakini miaka ile ile pesa za ligi zilipanda kama maji ya masika. Kufikia msimu wa 1997-98 Pippen, ambaye hakuna aliyebisha kwamba ni mchezaji wa pili wa timu bora duniani, alikuwa wa sita kwa mshahara katika timu yake na wa 122 katika ligi nzima. Alilipwa chini ya dola milioni 3. Jordan alilipwa zaidi ya milioni 33.

Kuna wanaosema, si alisaini mwenyewe? Ni kweli alisaini. Mimi nimewahi kusaini mkataba wa miezi mitatu mitatu mahali fulani ambapo sitapataja, nikijua kabisa kwamba ni mbovu, kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa inadaiwa jioni ile ile. Saini ya mwenye shida na saini ya mwenye nafasi zinafanana kwenye karatasi tu.

Na kilichomuuma Pippen nadhani hakikuwa pesa peke yake. Wakati yeye anabisha hodi ofisini, Krause alikuwa akimfukuzia kijana wa Yugoslavia, Toni Kukoč, aliyemchagua mwaka 1990 kwa nafasi ya 29. Alimsifia Kukoč kwa kila mtu, akamtunzia nafasi kwenye hesabu za mishahara, huku aliyevuja jasho anaambiwa asubiri. Matokeo yake dunia iliyaona kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Marekani ilipokutana na Croatia, Pippen na Jordan walimganda Kukoč kama kupe. Maskini akaambulia pointi 4. Hakuwa amewakosea lolote. Walikuwa wanamchapa Krause kupitia mgongo wa mtu mwingine. Mwaka 1994 Krause alikaribia kabisa kumpeleka Pippen Seattle ili kumpata Shawn Kemp, mpango ukavunjika dakika za mwisho, na Pippen akazipata habari. Tangu hapo kila alipomtazama meneja wake alikuwa anamtazama mtu aliyemweka sokoni.

Je, ni lazima meneja awe hivyo? Sidhani. Kumbadilisha mchezaji ni kazi yake, hakuna ubaya. Lakini kumpenda hadharani asiyekuwepo mbele ya aliyepo, hilo halimo katika kazi. Hilo ni tabia ya mtu.

Wachezaji nao hawakuwa malaika. Jordan alimbandika Krause jina la Makombo, kwa sababu ya chembe za vyakula zilizodaiwa kubaki kwenye nguo zake, na alimtania unene na ufupi wake mbele ya timu nzima. Katika filamu ile utamwona mzee anacheka cheka huku wanamsema. Wengi tunaocheka tunapoitazama tumewahi kukaa mahali pake darasani, tukasahau.

Jordan alistaafu kwa mara ya kwanza Oktoba 1993, akarudi Machi 1995. Aliporudi hakulikuta jengo la zamani. Cartwright alishaondoka, John Paxson alishastaafu, Grant alikuwa amehamia Orlando Magic, na mwaka ule ule Orlando wakawatoa Bulls, Grant akabebwa mabegani na wenzake pale pale Chicago. Krause alikuwa anajenga upya bila kelele. Kukoč alikuwa amekwishafika mwaka 1993. Steve Kerr alipatikana mwaka huo huo bila gharama ya kutajwa. Luc Longley alitoka Minnesota, Ron Harper akaja kama mchezaji huru mwaka 1994. Na Oktoba 1995 akamtoa Will Perdue kwenda San Antonio ili kumpata Dennis Rodman, mtu ambaye mwaka 1991, akiwa na Detroit, alimsukuma Pippen mpaka kidevu kikashonwa nyuzi. Kumleta mtu huyo katika chumba kimoja na Pippen kulihitaji ujasiri, au wazimu kidogo. Msimu huo Bulls walishinda michezo 72 na kufungwa 10.

Angalia hesabu hii, maana ndiyo utetezi wake mkubwa. Wachezaji waliokuwemo katika ubingwa wote sita ni wawili tu, Jordan na Pippen. Wengine wote walibadilishwa, na timu ikarudi kileleni. Na hata pale mpira ulipomtoka Jordan mkononi, ulikwenda kwa watu wa Krause: mwaka 1993 kikapu cha mwisho dhidi ya Phoenix kilifungwa na Paxson, mwaka 1997 kile cha kuwamaliza Utah kilifungwa na Kerr. Wote wawili walikuwa wachezaji wa bei rahisi ambao hakuna aliyewagombania. Sisi tunaoota kuandika riwaya tunajua ugumu wa kumpata mhusika mdogo anayesimama mahali pake barabara. Kumpata shujaa ni rahisi zaidi.

Lakini mzee hakutosheka na kujua mwenyewe. Alitaka watu waseme. Mwaka 1997 magazeti yalimnukuu akisema kwamba wachezaji na makocha hawashindi ubingwa, taasisi ndiyo inayoshinda. Yeye akalalamika mpaka uzeeni kwamba walikata neno lake: alisema wachezaji na makocha "peke yao". Niliposoma habari hii nilibaki naitafakari. Neno moja! Likiwepo, sentensi ni ya kweli kabisa, hata mlinzi wa getini angeikubali. Likitoka, ni tusi. Hata hivyo nafikiri, hata lingeachwa mahali pake, Jordan na Pippen wangeisikia sentensi ile ile ya tusi. Walikuwa wameshamsikia miaka kumi na mbili.

Majira hayo hayo alimpa Jackson mkataba wa mwaka mmoja na kumwambia kwamba hata akishinda michezo yote 82, huo ni mwaka wake wa mwisho. Kocha mpya, Tim Floyd wa chuo cha Iowa State, alikuwa ameshaonekana kwenye harusi ya binti wa kambo wa Krause, na Jackson hakualikwa. Jordan naye akatangaza kwamba bila Jackson hachezi. Pippen, kwa kisasi chake, akachelewesha upasuaji wa mguu mpaka msimu ulipokaribia kuanza, akakosa michezo 35, akaomba ahamishwe. Katika hali hiyo ya kununiana walishinda tena, Juni 14, 1998, Utah 86, Bulls 87.

Nani aliivunja timu? Reinsdorf ndiye aliyeshika mkoba, na amekwishasema wazi kwamba kuwarudisha wote kwa bei zao mpya kulikuwa nje ya akili. Miili ilikuwa imechoka. Hayo yote ni kweli na filamu imeyapitia haraka haraka. Lakini meneja aliyetangaza mazishi mwaka mzima kabla ya kifo asishangae akitajwa kuwa muuaji.

Yaliyofuata yanasikitisha, nitayapitia mbio. Pippen alipelekwa Houston kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni 60, na mwisho wa safari yake alikuwa ameingiza mishahara mingi ya NBA kuliko Jordan mwenyewe. Bulls ya Floyd ilishinda michezo 13 na kufungwa 37 katika msimu uliofupishwa na mgogoro wa ligi, halafu 17 kwa 65, halafu 15 kwa 67. Mwaka 2000 Krause alikuwa na kitita cha kutosha kuwasajili nyota, akawakimbilia Tracy McGrady na Grant Hill. Wote wawili wakaenda Orlando. Pesa ilikuwepo, mji mkubwa upo, bendera sita za ubingwa zinaning'inia, na watu hawakuja. Chipukizi aliendelea kuwapata: Elton Brand, Ron Artest. Lakini Brand alimuuza baada ya misimu miwili, na Artest akamtoa mwaka 2002. Aprili 2003 akang'atuka, na kiti chake akapewa Paxson, yule yule.

Jina lake liliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa kikapu mwaka 2017, miezi michache baada ya kufariki. Na Januari 12, 2024, Bulls waliandaa usiku wa kuwaenzi watu wao wa zamani katika uwanja wa United Center. Jordan na Pippen hawakuwepo. Jina la Krause liliposomwa uwanja ukazomea, na mjane wake, aliyekuwa amekaa pale chini kwa niaba yake, akalia mbele ya kamera huku waliokaa jirani wakimshika bega. Wageni wa Bulls usiku ule walikuwa Golden State Warriors, na kocha wao alikuwa Steve Kerr, yule aliyeokotwa mwaka 1993 bila gharama ya kutajwa. Mchezo ulipokwisha Kerr aliwaambia waandishi wa habari kwamba kilichofanyika kilikuwa aibu.